Soba hausi mbili (nyumba za kuwasaidia watu kuacha ulevi na dawa za kulevya) nilizompeleka mwanangu: ya kwanza nyota 1, ya pili nyota 4

Jamani hili jambo nimekaa nalo karibu mwaka, leo naandika tu maana kila wiki kuna mama ananifata inboksi, "dada ulimpeleka wapi yule kijana wako". Majina ya vituo sitaji, nahadithia kilichonikuta.

Mwanangu ana miaka 16. Bangi alianza kidato cha pili, shule akawa anaaga asubuhi anaishia kijiweni, vitu vikaanza kupungua nyumbani, feni, mtungi mdogo wa gesi, mpaka vitenge vyangu viwili ambavyo sijawahi hata kushona. Baba yake alimpiga mpaka akachoka mwenyewe. Shemeji akasema huyu apelekwe soba, akanipa namba, nikapiga, jamaa anaongea vizuri huyo, "mama usijali, miezi 4 unapokea mtoto mpya". Laki 3 kwa mwezi, laki moja ya kuingilia, godoro, ndoo, shuka mbili, sabuni. Mi nikauliza bei ngapi na je kuna geti la kufunga. Basi, hayo ndo maswali yangu yote mawili. Mtu ananunua friji mtumba anauliza maswali kumi.

Wakaja kumchukua saa 9 usiku, vijana wanne na Noah. Mlango niliwafungulia mimi. Alivyoniangalia wakati wanamtoa kitandani na bukta yake sijasahau mpaka leo, na mshauri wa kile kituo cha pili aliniambia baadae kwamba wiki 3 za mwanzo waliongelea usiku ule tu, bangi yenyewe walikuwa hawajaigusa.

Sasa hicho kituo cha kwanza. Kwa nje pazuri, maua, ukuta umepakwa rangi, bango kubwa. Kumuona mtoto hakuna mpaka siku 45 ziishe, simu hakuna. Siku naenda namkuta yuko chumba kimoja na watu wazima 11, wengi wametoka kwenye unga, yaani heroini, kuna wa miaka 40 na kitu. Na nisiseme uongo, hawakuwa watu wabaya, kuna mmoja alikuwa anamuachia chapati yake kila Jumapili. Ila mtoto aliingia anajua bangi basi, katoka anajua kete ya unga inauzwa wapi, kokteli, ule msokoto wa bangi na unga, inasokotwaje, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa, inakaa siku ngapi. Unajua soba nyingi hapa kwetu, Zanzibar huko na Dar, zimeanzishwa na watu ambao wenyewe walikula unga wakaacha, wakafungua kwa ajili ya wenzao, na kwa wenzao zimesaidia sana hilo sibishi kabisa, zile hatua 12 za kuacha ulevi, vikao, mtu anaongea na mtu aliyepita kulekule. Lakini kitoto cha miaka 16 chenye bangi na hasira na shule iliyomshinda kinafata nini chumba kimoja na mtu aliyejidunga miaka 15?

Daktari nae hakuna. Kuna mzee aliletwa, mtu wa gongo na vidonge vya usingizi, siku ya pili akaanguka kifafa, wao wanasema arosto hiyo itapita, wanammwagia maji. Mwanangu kaliona hilo kwa macho yake. Mimi nilikuja kuelezwa hospitali kwamba arosto ya unga inatesa sana, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, ila mara nyingi mtu anaivuka, pombe na hivyo vidonge ndo ukimkatisha mtu ghafla anaweza kufa kweli. Kwahiyo ukienda popote uliza daktari anakuja lini na umuone, usioneshwe koti jeupe limening'inia ofisini.

Halafu nikaona alama kwenye kifundo cha mguu. Alijaribu kuruka ukuta wakamfunga mnyororo siku mbili. Nikamuuliza yule msimamizi, kaka huyu si mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 si inasema chini ya miaka 18 ni mtoto na hatakiwi kuteswa, akanijibu "mama hapa kila mtu ni mraibu". Nikabeba na godoro langu. Hela hawakurudisha, na sikukaa kubishana.

Katikati hapo jirani akaniambia si umpeleke methadoni, ile dawa wanayopewa walioacha unga, ni bure. Nikaenda nimejipa moyo, maana tangu waanze pale Muhimbili mwaka 2011 watu wengi wametulia. Nesi akanicheka kidogo, kiupole lakini. Kasema mama methadoni ni ya mtu wa heroini, anakuja kila siku anakunywa mbele yetu, huyu wako wa bangi nikimpa namtengenezea tatizo ambalo hana. Akatuelekeza kliniki ya afya ya akili, na kule ndo nikaambiwa mtoto ana sonona, imeanza tangu bibi yake aliyemlea afariki. Mi miaka miwili naita ujeuri!

Cha pili nilikuwa mwoga. Nilipiga kwanza 119, ile namba ya bure ya Mamlaka ya dawa za kulevya, kuuliza kama kituo kinatambulika. Nilivyofika hawakutaja bei, walinihoji mimi karibu masaa mawili, analala saa ngapi, nani alimlea, kashawahi kutaka kujiua, yaani nikaona kama wananichunguza mimi. Nikawaomba waje wamchukue usiku, wakakataa kabisa. Wakasema tupe nafasi tuongee nae kwa simu. Imechukua siku 9, siku ya 10 kabeba begi mwenyewe kapanda daladala na mimi.

Wavulana 6 wa rika lake, chumba chao peke yao. Simu anapiga kuanzia wiki ya kwanza. Dawa za sonona anapewa alizoandika daktari, kuna mwalimu wa hesabu mara tatu kwa wiki, na Jumamosi wazazi tunaitwa, ambapo baba yake alikuja mara moja akakaa kimya muda wote, ila alipofika nyumbani akaitoa ile fimbo nyuma ya mlango akaenda kuitupa, hatukuongea.

Laki 4 na nusu kwa mwezi, wanapokea kwa awamu mbili. Katoka baada ya miezi 5. Mwezi wa pili yuko nyumbani akavuta tena, na nilijua kwa sababu alimpigia mshauri mwenyewe, mshauri akamwambia sasa mwambie mama, akaja jikoni akaniambia nikiwa nakuna nazi.

Nyota moja nimewakata kwa sababu choo ni kibaya jamani, dagaa ni kila siku, na wasichana hawapokei kwahiyo wale mnaoniuliza kuhusu mabinti siwezi kuwasaidia.