Steshenari ya "kwa Dogo", Nyegezi: nyota nne, moja nimebaki nayo

Nyegezi, hapa Mwanza, njia ya kwenda Malimbe, kuna kibanda cha steshenari ambacho bango lake limeliwa na jua mpaka jina halisomeki. Wanafunzi wanapaita kwa Dogo. Nimeshakwenda mara tatu na binti yangu, kitinda mimba, mwenye diploma ya uuguzi, kutuma maombi ya kazi serikalini kwa mtandao. Basi nina la kusema.

Dogo ana kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Kuchapa ukurasa ni 200, kuskani cheti 500, kufungua akaunti na kutuma maombi 5,000. Ukikuta watu wanane kwenye benchi, ujue umewahi.

Kilichonishangaza ni vinavyotakiwa. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na vya chuo vyenye mhuri wa wakili, na hati ya matokeo peke yake haipokelewi. Leseni ya uuguzi. Barua yenye saini. Wasifu. Barua pepe. Mtoto hajalipwa hata senti, ila wakili ameshalipwa, Dogo ameshalipwa, na bando limeshaisha.

Mimi kazi yangu ya kwanza niliipata 1984, kwenye jineri ya pamba. Baba mdogo alinipeleka getini, msimamizi akaniambia nyoosha mikono. Akaviangalia viganja vyangu kama mtu anayekagua mnofu wa sangara, akaona sugu za kasia, akasema njoo Jumatatu. Sikuulizwa hata tarehe ya kuzaliwa, na bahati nzuri, maana sikuwa na uhakika nayo.

Nilikuwa nawasimulia hivyo watu wa benchini, nikinogewa, binti akanikata. "Baba, hizo sugu si ulizipata ulipojificha Ukerewe?"

Kweli. 1983 ilikuja kampeni ya serikali ya Nguvu Kazi. Kijana asiye na kitambulisho cha kazi alikuwa anakamatwa mjini na kupelekwa kijijini kulima. Mimi nilikuwa na cheti cha la saba na suruali moja, nikavuka ziwa kwenda kwa mjomba, nikavua sato mpaka mambo yakatulia.

"Sasa mimi nikikosa kazi hakuna wa kunikamata," akasema. "Mnaniuliza tu kila Jumapili."

Benchi zima likacheka, hata Dogo akaacha kuchapa. Na binti alinihurumia, hakugusa ya shangazi yake, aliyemaliza la saba mwaka mmoja na mimi akiwa na alama nzuri kunizidi. Aliozwa Magu kwa ng'ombe kumi na wawili. Hakuna aliyemwuliza anataka kuwa nani, na mimi niliyekuwepo nilikula pilau.

Kwa hiyo sisemi zamani ilikuwa asali. Sabuni yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni, ikikosekana tunafulia majani ya mpapai. Ila ukishapata kazi, ulikuwa umepata: sare, posho, lori la kuwarudisha nyumbani. Mpaka redandansi, yaani kupunguzwa kazini, ilipotukuta katikati ya miaka ya 1990. Nikahamia kwenye minofu ya samaki, na 1999 Ulaya ikazuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu, mama watoto akatulisha kwa kukaanga mapanki, yale mabaki ya samaki minofu ikishatolewa. Binti huyu anayenicheka alikuwa hajazaliwa.

Nirudi kwa Dogo. Lawama yangu ni barua. Ana barua moja kwenye kompyuta, anachofanya ni kubadilisha majina. Mara ya kwanza alisahau, ya binti yangu ikabaki na jina la kijana mwingine chini kabisa, mahali pa saini. Tuliiona dakika ya mwisho. Dogo aliomba radhi akakataa hela yetu, lakini nyota moja hairudi. Someni barua zenu kabla hazijatumwa.

Nyota nne nilizompa hazihusiani na printa. Dogo mwenyewe ana shahada ya ualimu. Akaunti yake ya maombi iko kwenye ile kompyuta ya pili, anaifungua kila asubuhi kabla ya kufagia. Walimu wenzake wanakuja pale na yeye anawatumia maombi ya nafasi zilezile anazoziomba. Nilimwuliza kama hajawahi kujaribiwa kukosea makusudi tarakimu moja ya mtu. Akasema, "Mzee, ile barua ya binti yako ilikuwa bahati mbaya." Nikamwamini.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla wanachuo hawajaja na kazi zao za kuchapa. Na beba kitambulisho chenyewe. Mara ya pili binti alisahau chake nyumbani, mama yake akatusomea namba kwa simu nikaiandika kiganjani, na joto la stendi ya Nyegezi likafuta tarakimu mbili za mwisho.