Barabara ya South Mountain, Phoenix: huduma nzuri, idhini yenye mgogoro

Kwa Waswahili wengi tunaoishi magharibi mwa Phoenix, jimbo la Arizona, na kufanya kazi upande wa Chandler, mji ulio kusini mashariki, barabara ya Loop 202 ya South Mountain, iliyofunguliwa Desemba 2019, imeondoa adha ya kupita katikati ya jiji kila asubuhi. Ina urefu wa maili 22, sawa na takribani kilomita 35, yenye njia nne kila upande, na inaunganisha sehemu mbili za barabara kuu ya I-10 kwa kuzunguka jiji upande wa kusini. Dereva halipi chochote njiani, kwa kuwa sehemu ya fedha za ujenzi ilitokana na ushuru wa mauzo ambao wapiga kura waliukubali mwaka 1985 na kuuongezea muda mwaka 2004. Lami ni laini na alama zinasomeka kwa mbali, ingawa malori ni mengi, na asiyeyazoea aendeshe kwa subira.

Hata hivyo, kuipima barabara hii kwa mwendo wake pekee ni kuwanyima haki walioipinga. Ukitokea magharibi, kabla ya kufika Ahwatukee, kitongoji cha kusini mwa Phoenix, unapita mahali ambapo matuta ya mlima yamekatwa, na kuta za mwamba mtupu zimesimama kulia na kushoto. Huo ndio mlima ambao Akimel O'odham, wenyeji wa asili wa eneo hili, huuita Muhadag Do'ag, nao ni mtakatifu kwao na kwa majirani zao wa Pee Posh. Kwa hesabu ya ekari, eneo lililochukuliwa la hifadhi ya mlima huo, South Mountain Park, ni dogo, kama ekari 31 kati ya zaidi ya 16,000. Lakini utakatifu wa mlima haupimwi kwa ekari, na hapo ndipo ninapoona tathmini ya mazingira ilipopungukiwa.

Serikali kuu ya Marekani ilitoa idhini ya mwisho Machi 2015. Mwaka huohuo kesi mbili zilifunguliwa, moja na kundi la wakazi linaloitwa PARC, nyingine na Jumuiya ya Gila River, yaani jumuiya ya Akimel O'odham na Pee Posh, ambayo ardhi yake inapakana na barabara. Jaji Diane Humetewa, ambaye mwenyewe ni wa kabila la Hopi, aliamua Agosti 2016 kwamba taratibu zilifuatwa, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye Desemba 2017, wakati ujenzi ukiwa umeshaanza. Sheria inaruhusu kupitisha barabara katika hifadhi pale tu ambapo hakuna njia mbadala inayofaa, na njia ya kusini zaidi ingepita katika ardhi ya Jumuiya. Katika kura yao ya mwaka 2012, wanajumuiya walipewa nafasi ya kuchagua ijengwe kwao, ijengwe nje ya ardhi yao, au isijengwe kabisa, na chaguo lililoongoza lilikuwa hilo la mwisho. Kwa hiyo, kukataa kwao kutoa ardhi kukawa sehemu ya sababu za kukubali mlima ukatwe. Hukumu hiyo naiheshimu, kwa kuwa kazi ya mahakama ilikuwa kupima utaratibu; lakini uamuzi wa kuukata mlima ulikuwa wa idara za barabara, na kwangu wenye mlima hawakuwahi kuridhia.

Nyota nne kati ya tano kwa usafiri, mbili kwa namna ilivyoidhinishwa. Anayetaka kuitumia akumbuke kwamba njia ya ndani kabisa, Jumatatu hadi Ijumaa saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri hadi saa 1 jioni, ni ya magari yenye watu wawili au zaidi. Upande wa Ahwatukee ipo pia njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ya takribani maili sita, ambayo inafaa zaidi asubuhi na mapema kabla jua la Arizona halijakolea.