Kisanduku cha kutengeneza salfaidi ya chuma: malighafi nzuri, maelekezo ya kurekebishwa

Ndani ya kisanduku hiki cha majaribio mna unga wa chuma gramu 7, unga wa salfa gramu 4, neli za kioo, pamba ya madini, sumaku na karatasi za asetati ya risasi. Asidi unatafuta mwenyewe.

Vipimo vya malighafi ni sahihi. Atomi moja ya chuma hushika moja ya salfa, na kwa uzito ni 56 kwa 32, yaani 7 kwa 4. Unga wa chuma ni laini na hauna kutu, jambo linalostahili sifa: chembe zikiwa kubwa, nje hugeuka salfaidi huku kiini kikibaki chuma kitupu. Chuma hicho kikikutana na asidi hutoa haidrojeni, na gesi unayoitaka, yaani haidrojeni salfaidi ambayo salfaidi ya chuma huitoa ikikutana na asidi, inachanganyika nayo.

Changanya kwenye kinu mpaka rangi iwe moja, usione tena madoa ya njano. Jaza robo ya neli tu, kisha ziba mdomo kwa pamba ya madini. Pamba hiyo usiiache hata kama una haraka, maana ndiyo inayozuia mvuke wa salfa usitoke na kuwaka, ukazalisha dioksidi ya salfa inayobana kifua. Pasha kitako cha neli. Ukiona wekundu unaanza, ondoa moto mara moja. Mmenyuko wenyewe hutoa joto la kutosha na wekundu utapanda mpaka juu. Ukizimika njiani, mara nyingi mchanganyiko haukusagwa vizuri. Neli huvunjwa ikishapoa kabisa ili kutoa donge la kijivu-cheusi, kwa hiyo tatu zilizowekwa ni chache.

Kasoro kubwa iko kwenye karatasi ya maelekezo. Inasema sumaku isiponasa, mmenyuko umekamilika, na ikinasa umeshindwa. Si kweli. Salfaidi yenye upungufu kidogo wa chuma, kama Fe₇S₈, huvutwa na sumaku ingawa haina chuma huru hata chembe. Mvuto hafifu basi hauthibitishi kitu. Asidi hueleza zaidi: gesi ikiifanya karatasi ya asetati ya risasi kuwa nyeusi, salfaidi ipo.

Hapo kwenye asidi ndipo maelekezo yanapotutia hofu, kwani hayataji kiasi cha donge. Gramu 11 zote zikiyeyuka hutoa takriban lita 3 za haidrojeni salfaidi. Katika chumba cha mita za ujazo 30, hizo ni sehemu 100 kwa milioni, na kwa kiwango hicho pua huanza kufa ganzi: harufu ya mayai viza inapotea, sumu bado ipo. Tumia kipande cha ukubwa wa punje ya mchele na matone machache ya asidi ya hidrokloriki ya moli 2 kwa lita, ndani ya kabati la kuvuta hewa, miwani ya kinga ikiwa usoni.

Kwa mwalimu mwenye kabati hilo, tunakipendekeza. Asiye nalo aishie kwenye kupasha, nje penye upepo, na asiguse asidi. Donge lililobaki liwekwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko, kwa sababu hewa yenye unyevu hulioksidisha, na kamwe lisitupwe kwenye sinki linalopokea asidi.