Maziwa lala ya Majengo: mazito, lakini yawahi asubuhi

Ukikipindua kikombe cha nusu lita, maziwa lala ya duka hili la Majengo yanatoka bonge moja laini, bila maji ya manjano kuelea juu. Hiyo ni dalili ya kazi safi: maziwa yamechemshwa, yakapoa hadi nyuzi 30 hivi, ndipo yakatiwa mbegu, yaani maziwa lala kidogo ya jana, vijiko viwili kwa lita, wala hayakutikiswa yakiganda. Kwa joto la Mombasa saa 12 zatosha. Yakilala zaidi uchachu unapanda na maji yanajitenga.

La maana zaidi, hayapashwi moto tena yakishaganda, kwa hivyo bakteria wako hai. Tumezoea kumwita kila kijidudu adui, kumbe makadirio ya 2016 yanaweka bakteria wa mwilini karibu trilioni 38, dhidi ya seli trilioni 30 za mtu mwenyewe! Na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa wiki 10 za vyakula vilivyochachushwa ziliongeza aina za bakteria tumboni. Lile bango ukutani linalodai yanaponya kisukari, lipuuzeni.

Kasoro ni friji. Kufika saa nane mchana vikombe vimepangwa mezani, juani. Kikombe kilichovimba kifuniko au chenye mapovu kirudishe: hiyo ni hewa ya hamira au ya bakteria wa uchafu. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, na mkate wa mofa mkononi.