Metallica usiku mara mbili Munich: nenda, ila chagua pa kusimama

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Ukipata nafasi ya kuiona Metallica, bendi ya Marekani ya metali, yaani roki nzito, nenda. Ila usikimbilie tiketi ya siku mbili inayokufunga sehemu moja. Subiri zitoke za siku moja moja, ununue mbili: usiku mmoja usimame chini uwanjani, usiku mwingine ukae juu kwenye viti. Hayo ni maonyesho mawili tofauti hata kama wangerudia nyimbo, na wao hawarudii.

Mimi niliwaona Munich, Ujerumani, Ijumaa tarehe 24 na Jumapili tarehe 26 Mei 2024, katika Olympiastadion. Ziara yenyewe inaitwa M72, kwa jina la albamu yao ya Aprili 2023, 72 Seasons. Hesabu ya James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, ni hii: misimu minne kwa mwaka, mara miaka 18 ya kwanza ya maisha, yaani kipindi ambacho mtu anaundwa au anaharibiwa kabla hajajitambua. Walianzia Amsterdam mwezi huohuo albamu ilipotoka, na tangu hapo utaratibu ni mmoja: katika miji mingi wanapiga usiku mara mbili, na wimbo uliopigwa usiku wa kwanza haupigwi tena usiku wa pili. Kwa bendi iliyoanza 1981 hilo si jambo gumu, akiba wanayo. Kwa shabiki ni mtego, maana ukienda siku moja tu utarudi nyumbani ukijua nusu ya nyimbo unazozipenda imekupita.

Kabla sijafika jukwaani, kidogo kuhusu mimi, ili mjue maoni haya yanatoka kwa mtu wa aina gani. Nimekulia Moshi. Fulana ya Metallica niliivaa muda mrefu kabla sijawahi kuisikia Metallica, kama vijana wengi wa kwetu. Ilitoka kwenye mitumba ya soko la Memorial, nyeusi, maandishi yenye ncha kama radi, na mama akaniuliza kama ni mambo ya kishetani. Sikuwa na jibu. Miaka ikapita ndipo nikapata nyimbo zenyewe kwenye kompyuta ya rafiki, nikaanza na ile albamu nyeusi ya 1991, kisha nikarudi nyuma hadi Master of Puppets ya 1986, na huko nyuma ndiko nilikobaki. Nyumbani hadi leo wanauita muziki wa makelele. Shemeji yangu husema hawa watu wanapaswa kulipwa ili waache. Basi fulana ileile nikaivaa Munich. Huenda aliyeivaa kwanza alikuwa Mjerumani, nani ajuaye.

Uwanja wenyewe unastahili aya yake. Ulijengwa kwa Olimpiki ya 1972, na sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuingia pale kifua mbele. Hapo ndipo John Akii-Bua wa Uganda alipokimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Hapo Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Wakenya wakashinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Sabini na mbili kwenye jina la ziara, sabini na mbili uwanjani. Jamaa mmoja wa Nairobi niliyekutana naye kwenye foleni, amevaa fulana ya Iron Maiden, bendi nyingine ya metali, aliposikia nasema Kiswahili kwenye simu akacheka: "Wewe ni wa Bongo, sindio? Kaka, mnasikiza rock huko?" Nikamwambia tunaivaa tu. Yeye alilelewa na redio ya X FM ya Nairobi, ile iliyokuwa ikipiga roki kutwa nzima, na anazijua bendi za kwao Kenya kwa majina. Kwenye hili Wakenya wametuacha mbali, tukubali.

Olympiastadion umechimbwa chini. Unaingia ukingoni kwa juu, unateremka kwenye viti kama mtu anayeshuka bondeni. Lile paa maarufu la akriliki, lililoning'inizwa kwa kamba za chuma, linafunika upande mmoja tu. Kumbuka hilo unapochagua kiti. Munich mwishoni mwa Mei mvua haiombi ruhusa.

Sasa jukwaa. M72 haina jukwaa la mwisho wa uwanja. Ni duara kubwa lililowekwa katikati, lenye tundu katikati kama pete, na ndani ya pete hiyo wanasimama mashabiki. Sehemu hiyo wanaiita Snake Pit. Kulizunguka duara kuna minara minane iliyobeba spika na skrini za mviringo. Seti za dramu ziko nne, pande nne; baada ya nyimbo kadhaa mpiga dramu Lars Ulrich anahama, dramu moja inazama sakafuni, nyingine inachomoza upande wa pili. Maikrofoni zimetawanywa duara zima, kwa hiyo Hetfield anaimba ubeti huu kwako na ubeti unaofuata kwa watu wa upande wa pili. Paa hakuna. Wakinyeshewa mashabiki, na wao wananyeshewa.

Wazo ni kwamba kwenye duara hakuna wa nyuma. Ni kweli, na pia si kweli. Nilichoona mimi nikiwa chini Ijumaa ni kwamba kila mtu ana zamu yake ya kuwa nyuma. Kuna nyimbo mpiga besi Robert Trujillo alikuwa mbele yangu kabisa, amechuchumaa kama kawaida yake, besi karibu inagusa sakafu, nikaona hadi jasho. Kuna nyimbo nyingine ambazo bendi nzima ilikuwa upande wa pili, na mimi nikabaki na migongo ya watu na skrini. Ukiwa mfupi kama mimi, zamu za nyuma ni ndefu. Na sauti chini inategemea umesimama wapi: ukikaa karibu na mnara mmoja unasikia mnara huo, kisha mingine inakufikia imechelewa kidogo. Katika nyimbo za kasi gitaa linakuwa ukungu. Hilo ni tatizo la uwanja wowote mkubwa wenye sauti zinazotoka pande zote, siwezi kulishangaa, lakini anayekwenda kusikiliza jinsi mpiga gitaa Kirk Hammett anavyocheza noti kwa noti ajue mapema.

Lakini chini kuna kitu ambacho juu hakipo, nacho ni mwili. Dramu ya mguu haisikiki, inakupiga kifuani. Kwenye wimbo wa Fuel moto ulipowaka, joto lilitufika usoni. Kwenye Seek & Destroy yalimwagwa maputo makubwa ya rangi nyeusi na njano, watu wazima wenye ndevu nyeupe wakayarukia kama watoto wa chekechea. Tulipoanza show jua bado lilikuwa juu, kwa sababu huko mwezi Mei kiza kinaingia baada ya saa tatu usiku, na nilihofu mwanga wa mchana ungeua onyesho. Haukuua. Ulifanya tuonane nyuso. Pembeni yangu alikuwapo baba na binti yake wa kama miaka kumi na mitatu, amevaa vizibo vya masikio vya kijani, anajua maneno yote. Kizazi hicho wengi wao wimbo wa Master of Puppets wameupata kwenye tamthilia ya televisheni mwaka 2022, na wapo wazee wa metali wanaowacheka kwa hilo. Sioni sababu. Mimi nimeupata kwenye mtumba.

Orion ndiyo ilinimaliza. Haina maneno. Ni ya Cliff Burton, mpiga besi wao wa zamani aliyefariki Septemba 1986 basi la bendi lilipopinduka Sweden, na ilipigwa kwenye mazishi yake. Trujillo anapoingia kwenye ile sehemu ya katikati, ya polepole, uwanja mzima ukatulia. Nimeisikia mara nyingi kwenye simu nikienda kazini, nikadhani naijua.

Kisha mvua. Ilikuwa imetuchezea, lakini mwishoni ilimwagika kweli, na wao wakafunga usiku na Master of Puppets huku maji yakiruka juu ya dramu kila Lars anapopiga. Hakuna aliyeondoka. Pale kwenye solo watu waliimba gitaa kwa "oh-oh" maelfu kwa maelfu, makoti ya plastiki yakimeta kwenye taa. Viatu vyangu vilikauka Jumapili asubuhi.

Jumamosi nilikuwa kwa binamu yangu, Augsburg. Sina la kusimulia zaidi ya usingizi na ugali.

Jumapili nikakaa juu, upande wa lile paa. Hapo ndipo nilipoelewa duara. Kutoka juu unaona mpango wote: Hetfield anatembea pete nzima ndani ya wimbo mmoja, Hammett na Trujillo wanakutana upande mmoja kisha wanaachana, dramu inazama na kuchomoza, na skrini za minara zinazungumza kwa pamoja. Kutoka chini sikujua hata kama kuna mpango. Na sauti, jamani. Minara ilichanganyika vizuri zaidi kabla ya kunifikia, gitaa likawa na makali, maneno yakasikika. Kwenye One, ile milio ya vita mwanzoni ilizunguka uwanja kutoka mnara hadi mnara, kitu ambacho aliyeko chini anasikia upande mmoja tu. Walifunga na Enter Sandman, na kwa kuwa nilikuwa na kiti niliweza kuwatazama wale wa chini wakiruka kwa mawimbi, nikawaonea wivu kiasi.

Kasoro ya viti ni majirani. Mstari wangu ulikuwa na wazee waliokaa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, mikono kifuani, kama wanasikiliza hotuba ya bajeti. Ukisimama unaambiwa ukae. Niliimba nikiwa nimekaa, jambo ambalo kwa muziki huu ni adhabu ndogo.

Bendi za utangulizi zilikuwa mbili kila siku na zilibadilishwa. Niliyoifuatilia kwa dhati ni Mammoth WVH ya Wolfgang Van Halen, mtoto wa mpiga gitaa maarufu Eddie Van Halen. Anaimba na kupiga gitaa bila kujaribu kuwa baba yake, na nilimheshimu kwa hilo. Wengine nilikuwa nimesimama foleni ya chakula.

Mambo ya vitendo. Treni ya chini ya ardhi namba U3 inakufikisha Olympiazentrum, kisha unatembea kwa miguu ukipitia bustani. Wakati wa kutoka usikimbilie kituoni pamoja na umati. Keti kwenye nyasi kwanza, kunywa maji, foleni ipungue. Bia na soda unalipia na amana ya kikombe, kirudishe upewe hela yako, au mwachie mtu anayeviokota. Chukua vizibo vya masikio. Si woga, ni akili, na hata waliozoea huvaa. Koti la mvua liwe la kuvaa, maana mwavuli utakusumbua wewe na walio nyuma yako. Tiketi za mkono wa pili niliona watu wakidai bei za ajabu nje ya lango. Mimi nilinunua mapema kwenye mauzo rasmi, na sehemu ya pato la tiketi za ziara hii inakwenda kwenye mfuko wa bendi wa misaada, All Within My Hands, walioanzisha 2017. Duka la fulana lina foleni inayotosha kusoma gazeti zima. Nilikuwa na yangu.

Na kwa asiye na tiketi kabisa: karibu na uwanja kuna Olympiaberg, kilima kilichotengenezwa kwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu ya Vita vya Pili. Watu wanapanda na blanketi na vyakula vyao, wanasikiliza bure. Huoni jukwaa vizuri, lakini kama una watoto wadogo, au mpenzi anayekuja kwa heshima tu, ningepanda kilimani bila kufikiri mara mbili.

Jambo la mwisho kwa wanaopenda kuhifadhi. Metallica inauza rekodi ya kila onyesho lake, imechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya sauti, na wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Nilinunua ya Ijumaa peke yake. Ya Jumapili niliisikia vizuri siku ileile.