Kliniki mbili za wajawazito mjini Moshi na kadi nilizobaki nazo

Nimebeba mimba mbili nikiwa mkazi wa Moshi, na kila moja niliifuatilia katika kliniki tofauti. Kadi zote mbili ninazo hadi leo. Juma lililopita nilizitoa kabatini kwa sababu mdogo wangu ana ujauzito wa wiki 11 na alitaka nimwelekeze pa kuanzia, ndipo nilipoona kwamba kadi ya kwanza, ambayo kwa miaka yote nilidhani ni ushahidi wa mimba iliyotunzwa vizuri, ina mahudhurio matano yenye tarehe na sahihi, lakini safu ya kipimo cha mkojo ni tupu kuanzia juu hadi chini.

Kliniki hiyo ya kwanza ilikuwa zahanati ya jirani. Nitakuwa dhalimu nikisema haikunifanyia kitu: siku ya kwanza nilipewa chandarua, mimi na mume wangu tulipimwa Virusi vya UKIMWI na kaswende, vidonge vya kuongeza damu sikuwahi kuvikosa, na SP ya kukinga malaria niliimeza mara tatu mbele ya muuguzi. Lakini tulikuwa tukifika saa moja asubuhi na kuondoka saa saba mchana, na katika muda wote huo dakika nilizokaa na mhudumu hazikufika kumi. Mara mbili niliambiwa mashine ya presha ni mbovu, na sikuelekezwa pengine pa kupimiwa. Wingi wa damu ulipimwa mara moja tu. Miguu ilipovimba nikauliza, jibu lilikuwa kwamba ndiyo kawaida ya ujauzito, nami niliondoka nimeridhika kabisa. Nilijifungua salama, mama mkwe akashuka kutoka Kibosho kunipikia mtori, na kila aliyeniuliza nilimsifia kliniki ile.

Sasa ninaelewa kwamba nilikuwa nikisifia bahati yangu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022, asilimia 65 ya wanawake walikuwa wamehudhuria kliniki mara nne au zaidi, kutoka asilimia 51 katika utafiti wa 2015/16, na hilo ni jambo la kushukuru. Shirika la Afya Duniani lenyewe tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kutimia. Hata hivyo, mimi na mahudhurio yangu matano ningehesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa ipasavyo, ilhali hakuna aliyewahi kujua kama mkojo wangu ulikuwa na protini, ambayo kwa mjamzito inaweza kuwa dalili ya hatari. Idadi ya safari inaonyesha kwamba mwanamke alifika. Alichofanyiwa baada ya kufika ni swali jingine, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi.

Mimba ya pili niliipeleka katika kituo cha afya kilicho mbali kidogo, ambako nililazimika kupanda bajaji. Nilianza nikiwa na wiki 9. Presha ilipimwa kila nilipofika, baada ya kukalishwa kwanza nipumzike, na muuguzi hakuandika tu bali alinisomea: "Hii ni 118 kwa 74, mama. Ikifika 140 kwa 90 hatutakuacha urudi nyumbani hivi hivi." Aliniuliza kama mtoto anacheza, akanitajia dalili za hatari, kisha akanitaka nizirudie kwa maneno yangu mwenyewe: kutokwa na damu, kichwa kuuma kusikokoma, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, mtoto kuacha kucheza.

Katika wiki ya 34 nilifika nikiwa na maumivu ya kichwa ambayo niliyahusisha na jua la soko la Mbuyuni, kwani nilikuwa nimetoka huko asubuhi hiyo. Presha ilikuwa 146 kwa 94. Wakarudia baada ya muda, ikabaki juu, na kijiti cha mkojo kikaonyesha protini. Muuguzi alinieleza kwa utulivu kwamba hali hiyo ikiachwa inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, akaandika rufaa papo hapo na kupiga simu hospitali kabla sijaondoka. Nililazwa, nikapewa dawa za kushusha presha, na wiki ya 37 nilianzishiwa uchungu. Binti yangu alizaliwa na kilo 2.7, na alilia mara moja.

Kituo hiki cha pili nacho kina kasoro inayoniuma. Asubuhi moja binti mdogo aliyekuja bila mwenza aliambiwa akalete kwanza barua ya mwenyekiti wa mtaa. Aliondoka, na katika siku zangu zilizofuata sikumwona tena. Nia ya kuwashirikisha akina baba ni njema, lakini hakuna mwanamke anayepaswa kurudishwa mlangoni kwa sababu yupo peke yake, na rejista haina safu ya kumwandika aliyeondoka bila kupimwa.

Ndiyo sababu ningependa akina mama waulizwe wenyewe. KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, ilianzisha rejista ya uzazi mwaka 2000 ambamo mama huhojiwa baada ya kujifungua, kwa hiyo jambo hili si geni kwa mji wetu. Zahanati nayo ingeweza kumuuliza mama anapotoka: je, umepimwa presha na mkojo, umeambiwa majibu, umesikilizwa?

Mdogo wangu nilimpeleka kituo cha pili siku ya Jumatatu, mume wake akiwa kazini Arusha, na safari hii hakudaiwa barua. Jioni alinisomea kadi yake kwa simu: presha 110 kwa 70, mkojo hauna protini, wingi wa damu 10.6. Alijua kwamba ni chini ya 11, kiwango ambacho mjamzito anapaswa kukifikia, alijua vidonge anavimeza lini, na alijua kwa nini SP hakupewa bado, kwamba inasubiri wiki ya 13 ipite. Nilimuuliza ameyajuaje yote hayo. Akasema muuguzi alimweleza, kisha akamtaka ayarudie.