Kutafuta babu wa Keya kwenye tovuti ya CWGC: ni bure, ila kuna namna ya kutafuta

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeibana, sababu iko huko chini.

Kwa ambao hawajawahi kuisikia, CWGC ni ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ndo wanaotunza yale makaburi ya askari unayoyaona Dar ukitoka mjini kuelekea Mwenge na yale ya Ngong Road Nairobi. Kwenye tovuti yao wana kumbukumbu za watu kama milioni 1.7 waliokufa kwenye vita kuu zote mbili, unaingia, unatafuta, hulipi hata senti, hawakulazimishi kufungua akaunti. Sasa kama mna babu aliyechukuliwa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, na hakurudi, anzeni hapo kabla ya kumpa mtu yeyote hela.

Nasema hivyo manake binamu yangu alishalipa dola kwa jamaa mmoja wa mtandaoni aliyemuahidi “faili kamili la jeshi”, na kilichokuja ni kurasa mbili za PDF, ya kwanza imeprintiwa kutoka tovuti hiihii ya bure na ya pili ni historia ya KAR ambayo hata mtoto wa sekondari angekuandikia. Aisee niliumia kuliko yeye mwenyewe.

Tuliyekuwa tunamtafuta ni kaka yake babu mzaa mama. Nyumbani habari ilikuwa moja tu, kwamba kafia Bama (Burma, siku hizi Myanmar) kwenye vita ya pili, basi, hakuna karatasi, hakuna picha, na bibi zetu walishakufa wote. Na hapa ndo nawapa siri ya hii tovuti: usianze na jina. Majina ya askari wetu yaliandikwa na karani kwa alivyosikia, mara herufi moja imedondoka, mara jina la baba limegeuzwa kuwa la ukoo, wengine wana jina moja tu kavu. Ukiandika kama mnavyoandika nyumbani leo unaweza ukaambiwa hayupo ukakata tamaa bure. Nenda kwenye utafutaji wa kina, weka kikosi, weka mwaka, weka eneo la makaburi au mnara, halafu kuna sehemu ya maelezo ya ziada, hapo andika jina la wilaya au kijiji, manake kwa wengine waliandika mtoto wa nani na anatoka wapi. Halafu usome orodha taratibu kwa sauti, kwa sauti kabisa, jina linajitokeza masikioni kabla macho hayajalitambua.

Sisi ndivyo lilivyotoka. Cheo Gunner, yaani askari wa mizinga, namba yake ya jeshi, kikosi 301 Field Regiment cha East African Artillery, tarehe 12 Februari 1944, chini yake jina la baba yake na wilaya yetu, na jina la kijiji limekosewa kidogo ila ni penyewe. Mahali anapokumbukwa ni mnara wa East Africa Memorial, Nairobi. Nikashangaa, mtu wa Bama anafanya nini Nairobi? Kumbe tarehe ile ndo kila kitu. Ni siku ilipozamishwa meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo imebeba askari, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldives na haikuchukua hata dakika tatu kwenda chini. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao ni hao wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo babu hakufika Bama, kaburi ni bahari, ndo maana jina liko ukutani. Mama mdogo aliposomewa alikaa kimya halafu akauliza tu kama walikuwa wanajua kuogelea, na mimi hilo sikuwa na jibu lake.

Cheti cha kumbukumbu unakipakua bure, kina jina na kila kitu, tumekitia fremu.

Sasa ile nyota. Hawa wanashughulika na waliokufa tu, kwa vita ya pili ni kuanzia Septemba 1939 mpaka mwisho wa 1947. Babu yako kama alirudi na medali zake akafa mzee kijijini, humo usimtafute, utapoteza bando. Huyo ufunguo wake ni cheti cha kuachishwa jeshi, kapekueni masanduku ya zamani, ukipata namba na kikosi ndo unaweza kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza pale Kew, London, shajara (kumbukumbu za kila siku) za vikosi vya Bama ziko kundi la WO 172. Kujisajili kusoma pale ni bure ila nakala unalipia, na ujue kabisa shajara zinataja maofisa kwa majina, askari wetu mara nyingi ni idadi tu.

La pili, na hili lenyewe ni zito, kama mzee wenu alikuwa mpagazi wa vita ya kwanza, wale wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi), uwezekano wa kumkuta kwa jina ni mdogo mno. Tume wenyewe walikiri kwenye ripoti yao ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi watu wa Afrika Mashariki na Misri. Nusu ya nyota nimeikata kwa hilo peke yake.

Makosa ya majina wanapokea marekebisho ukiwa na ushahidi wa maandishi. Sisi tunahangaikia hicho kijiji, kuna cheti cha ubatizo mjomba anasema kiko parokiani, akikipata tunatuma.